Neno "exigency" lina maana gani hasa? Nimesogezewa likizo kwa neno hili

#1 Baharia Mkavu
Wakuu salaam. Mie niko hapa Tanga mjini, kampuni siitaji maana kazi bado naitaka. Nimeomba likizo nimpeleke mama Lushoto kwa dada yake, majibu yamekuja kwa kiingereza cha kizungu haswa, yanasema "owing to exigencies of work your leave is hereby deferred". Hiyo deferred nimeielewa, wameisogeza mbele. Ila exigencies nimeuliza ofisi nzima kila mtu ana lake, wa stoo anasema ni dharura, dada wa utumishi ukimuuliza anacheka anasema ndo hali ya kazi hiyo kaka. Sasa kama ni dharura mbona hakuna kilichoungua, hakuna aliyekufa, watu wanakunywa kahawa na kashata kama kawaida? Mwenye kujua anifungue, neno lina maana gani na likikaa kwenye barua linanibana kiasi gani.

#2 Dogo wa Kange
exit + emergency = exigency. ule mlango wa dharura wa kwenye basi. wanakuonyesha pa kutokea mkuu 😂😂

#3 Ticha Muheza
Dogo acha masihara mtu ana shida.
Neno limetoka Kilatini, exigere, maana yake kudai, kutoza, kumbana mtu atoe. Waingereza wanalo tangu miaka ya 1500 huko. Kwahiyo asili yake wala sio haraka, asili yake ni KUDAI. Ukisema urgency unaongelea ile haraka iliyomo kwenye jambo lenyewe, ukisema exigency unaongelea kile ambacho hali inakulazimisha ufanye, yani hali ndo inayodai sio mtu. Na ndo maana kwenye barua linapenda kuja kwa wingi, exigencies, mambo ambayo kazi inayataka utake usitake. Ndugu zake ni exact, na exam pia, usishangae, exam imepita huko huko kwenye exigere kwa maana ya kupima kwenye mizani mpaka ikae sawa.

#4 Kaole Magofuni
Ticha umezunguka mpaka mizani. Dharura. Neno moja tu linatosha. Watu wa Tanga mkiulizwa saa mnaanza kueleza jua lilivyoumbwa. Salamu kutoka Bagamoyo

#5 Baharia Mkavu
Ahsante Ticha. Kaole we umerudi pale pale nilipoanzia, dharura IPI? Mie ndo nataka kujua, kwenye barua hawajaitaja.

#6 Mstaafu wa Masijala
Vijana, hilo neno ni la serikali, na serikali yenyewe ni ya mkoloni. "Exigencies of the service" Mwingereza alilisambaza kwenye kanuni za utumishi kote alikotawala, India utalikuta, Kenya utalikuta, na hapa kwetu lilikuwepo. Maana yake likizo ni haki yako lakini tarehe ya kuondoka sio yako, kazi ikikutaka unabaki. Uhuru ukaja 1961, mabwana wakapanda meli, majalada yakabaki na lugha yake. Sisi tulioingia masijala baadae tulikuwa tunaligonga kwenye taipureta hivyo hivyo, nani afungue kamusi na bosi anasubiri kusaini.
Ila nataka mlielewe hili. Barua ikiandikwa kwa Kiswahili tulikuwa tunaandika "kutokana na mahitaji ya kazi". Dharura hatukuandika. Dharura ilikuwa ya mfanyakazi, amefiwa, nyumba imeanguka, mtoto kalazwa Bombo. Mwajiri alikuwa na mahitaji, mfanyakazi alikuwa na dharura. Leo mmezichanganya ndo maana kijana anatafuta moto uko wapi.

#7 Dogo wa Kange
Shikamoo mzee. hapo umemaliza, uzi ufungwe

#8 Koti Jeusi
Haufungwi bado. Baharia kama uko sekta binafsi kanuni za mzee hazikuhusu, wewe unasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 31. Likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Mwajiri ndiye anapanga uende lini, hilo hawajakuonea, lakini ana ukomo, isizidi miezi 6 tangu mzunguko wako wa likizo uishe, yani ile miezi 12 ya kazi inayokupa likizo. Akitaka kuivuta mpaka miezi 12 lazima mambo mawili yawepo kwa pamoja, wewe uwe umekubali NA iwe kuna sababu ya mahitaji ya uendeshaji wa kazi. Sasa angalia, kifungu chenyewe hakijatumia exigency wala dharura. Kwahiyo aliyekuandikia amechukua neno zuri la zamani akaliweka mahali pa neno la sheria. Haliongezi nguvu yoyote. Anaweza kuandika exigencies mara kumi kwenye karatasi moja, miezi ni ile ile.

#9 Baharia Mkavu
Koti Jeusi Mungu akuweke. Sekta binafsi ndio.

#10 Mama Nazi
Mie kizungu kimenipita njia lakini hiyo dharura naijua vizuri sana, nina wapangaji hapa Ngamiani. Kila tarehe za kodi kuna mwenye dharura. Mama dharura, mama nimepata dharura kidogo. Nikamuuliza mmoja we kijana dharura gani inayojua kalenda? Kimya. Kwahiyo huyo bosi wako mwanangu ni mpangaji tu kavaa tai

#11 Dogo wa Kange
😂😂😂 dharura inayojua kalenda. Mama Nazi upewe maua yako

#12 Ustadh wa Makorora
Assalaam aleykum. Mama Nazi kaigusa penyewe bila kujua. Dharura kwa Kiarabu asli yake ni dharar, madhara. Sio kila shughuli ni dharura. Wanazuoni wamepanga ngazi, kuna dharura, kuna haja, kuna mapambo. Dharura ni lile ambalo ukilikosa unaangamia au unakaribia kuangamia, uhai, dini, akili, kizazi, mali. Haja ni lile ambalo ukilikosa unapata uzito na tabu lakini unaishi. Halafu kuna kanuni mbili zinatembea pamoja, watu huwa wanaishika moja wanaiacha nyingine: dharura huhalalisha yaliyokatazwa, NA dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Aya ya 173 ya Suratul Baqara, aliyelazimika kula nyamafu hana dhambi ila asiwe mwenye kutamani wala mwenye kupita mpaka. Kinachokuokoa ndo kiasi chako, sio ukishaonja unaweka karamu.
Sasa nikirudi kwa Ticha, kama exigency ni kile hali inachodai basi kwangu mie hiyo ni HAJA. Haja ya kazi. Wala sio dharura.

#13 Ticha Muheza
Ustadh hapo nakuunga mkono nusu. Haja inakosa ile nguvu ya kubanwa. Mie nikiambiwa nitafsiri naandika "ulazima wa kazi".

#14 Kaole Magofuni
Haja si ndio ile ya chooni? 😄 Mtu aandikiwe likizo imesogezwa kwa sababu ya haja? Hapana jamani. Na dharura na udhuru ni kitu kimoja, shina moja, kwahiyo ukisema dharura umeshasema sababu yoyote ya msingi. Inatosheleza.

#15 Ustadh wa Makorora
Kaole sio shina moja. Dharura ina dhad, udhuru ina dhal, ni herufi mbili tofauti, kwenye hati zetu za kilatini ndo zimekutana kwenye dh. Udhuru ni sababu ya kusamehewa, unautoa baada ya kukosa kufika. Dharura ni hali iliyokubana. Mtu anaweza kuwa na udhuru bila dharura yoyote, na mwenye dharura ya kweli mara nyingi hana hata muda wa kuleta udhuru.

#16 Mdigo wa Minnesota
Huku Marekani hilo neno liko kwa polisi. Wanasema exigent circumstances. Katiba yao marekebisho ya nne yanakataza kupekuliwa ovyo, kwa kawaida polisi akitaka kuingia nyumbani kwako awe na kibali cha hakimu, lakini kukiwa na exigency anaingia hivyo hivyo, mfano mtu anapiga kelele ndani anauawa, au ushahidi unatupwa chooni, au wanamfukuza mhalifu kaingia humo. Na mahakama inambana sio kila kitu ni exigency, kuna kesi ya Missouri v. McNeely ya 2013, polisi walimtoa damu dereva bila kibali wapime pombe, wakajitetea kwamba pombe inapungua kwenye damu kila dakika kwahiyo hakuna muda, Mahakama ya Juu ikasema hilo peke yake halitoshi kila mara, angalieni mazingira ya kesi yenyewe.
Pia benki kuu yao. Kuna kifungu kiliingizwa 1932 wakati wa mdororo ule mkubwa kinachoruhusu kukopesha hata wasio mabenki kukiwa na "unusual and exigent circumstances". Kililala miaka mingi, 2008 kikaamshwa, kampuni ya bima ya AIG ikapewa mkopo wa mpaka dola bilioni 85. Kwahiyo huku exigent ni kitu kizito, hakisogezi likizo.

#17 Dogo wa Kange
bilioni 85 kwa neno moja. Baharia wewe neno hilo hilo limekunyima Lushoto 😂

#18 Koti Jeusi
Namkazia Mdigo. Na kwa Waingereza wa zamani neno hili lilikuwa hati ya mahakama kabisa, writ of exigent. Mdaiwa asipoonekana, sherifu anaagizwa amwite kwenye vikao vya mahakama ya jimbo, mara tano mfululizo, asipotokea anatangazwa yuko nje ya sheria, hana ulinzi tena. Unaona lile la Ticha la kudai linavyojitokeza, anadaiwa aje.

#19 Goma Hadi Tanga
Bonjour na habari zenu. Mimi nimezoea kifaransa, nafanya biashara nakuja hapa Tanga mara kwa mara. Kwetu exiger ni kudai kwa nguvu, na mtu akiitwa exigeant ni yule haridhiki, mteja wa namna hiyo anakurudishia kitenge sababu uzi umechomoza. Kwa kifaransa haina haraka ndani yake hata kidogo. Kwahiyo mimi nikisoma hiyo barua ningeelewa kazi yenu inataka sana watu. Hakuna dharura pale.

#20 Mama Nazi
Goma kumbe mume wangu ni egzijaa, miaka yote nilikuwa nakosa jina lake

#21 Fundi Makadirio
Nyie wote mmesahau sehemu ambayo dharura ina bei. Mie nafanya makadirio ya majengo. Mwisho wa makabrasha ya zabuni kuna mstari unaitwa contingency, mara nyingi asilimia 5 au 10 ya gharama, na mafundi wote wanauita "ya dharura". Umekuta mwamba chini ya msingi au maji yametoka pale Mikanjuni, unachota humo. Sasa contingency ni kitu ambacho HAKIJATOKEA, kinaweza kutokea kinaweza kisitokee. Exigency ni kitu KIPO kinakubana sasa hivi. Emergency ni kile kimelipuka. Kwa kizungu maneno manne, ukiweka na urgency, sisi yote tumemtwisha dharura peke yake. Punda huyo atalala njiani.

#22 Kaole Magofuni
Kwani tatizo liko wapi, muktadha unaeleza. Hata Katiba yetu inasema Rais anaweza kutangaza hali ya dharura, nani aliuliza dharura ipi?

#23 Koti Jeusi
Katiba haisemi hivyo. Ibara ya 32 ya Katiba ya 1977 inasema "hali ya hatari". Waliotafsiri waliikwepa dharura pale, na nadhani walikusudia. Hatari unaiona kwa macho, vita, uvamizi, janga. Dharura wameiacha bungeni.

#24 Raskazone Upepo
Bungeni ndo iko hasa. Muswada kwa hati ya dharura. Zile sheria za maliasili za 2017 zilipelekwa hivyo, wanaozipenda wakasema nchi imeibiwa vya kutosha hakuna kungoja, wasiozipenda wakasema madini yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, wiki chache za kusoma zingedhuru nini. Mie nilikuwa upande wa pili na bado nipo, sio kwa ubaya wa sheria bali kwa mwendo. Hata mahakamani mawakili wanafungua maombi kwa hati ya dharura kila uchao, Koti Jeusi kataa.

#25 Koti Jeusi
Sikatai 😅. Ila kule unaapa kiapo na unaeleza madhara gani yatatokea ombi lisiposikilizwa upesi, nyumba inapigwa mnada kesho kutwa n.k. Hauandiki neno ukaondoka. Hakimu akiona haina uzito unapangiwa tarehe kama wenzako.

#26 Ustadh wa Makorora
Yani unataja dharar. Nilisema.

#27 Gati Namba Mbili
Mimi nitamtetea bosi wa Baharia kidogo hata kama simjui. Zamani hapa Tanga meli zilikuwa zinatia nanga nje kule, mzigo unashushwa kwenye matishari unaletwa ufukweni, kazi inakwenda kwa mwendo wake. Baada ya kuchimba kina meli zinafunga gatini moja kwa moja. Meli ikishafunga kila saa ina gharama, ukichelewesha unalipishwa, na ratiba inabadilika, unaambiwa inaingia Jumatatu inaingia Alhamisi na nyingine nyuma yake. Hapo mwenye kampuni ya mizigo hana moto wala msiba lakini kweli kabanwa, watu wote wanatakiwa wawepo. Hiyo sio haja ya kawaida ya Ustadh na sio dharura pia. Ndo hiyo exigency yenyewe naona. Kiswahili chake sina, sisi tunasema tu "meli ipo".

#28 Ticha Muheza
Gati umenipa mfano wa kwenda nao darasani. "Meli ipo" 😄

#29 Fundi Makadirio
Lakini meli ikiwepo mwaka mzima? Maana hapo ndo penye ujanja. Kama kila mwezi unabanwa basi hujabanwa, una upungufu wa watu, ajiri.

#30 Gati Namba Mbili
Hilo sina jibu lake.

#31 Mdigo wa Minnesota
Huku waliliona hilo pia. Kwa polisi kuna kanuni kwamba exigency usiitengeneze mwenyewe kwa kuvunja sheria halafu ukajitetea nayo. Kuna kesi ya Kentucky v. King ya 2011, polisi walibisha hodi wakasikia purukushani kama ushahidi unaharibiwa wakavunja mlango, mahakama ikasema kubisha hodi tu sio kutengeneza, ila wangetishia kuingia kinyume cha sheria ingekuwa hadithi nyingine.

#32 Raskazone Upepo
Kwahiyo bosi asiyeajiri watu wa kutosha kajitengenezea mwenyewe. Nimeipenda.

#33 Koti Jeusi
Msichukue sheria ya upekuzi ya Marekani mkaipeleka CMA ya Tanga, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, jamani mtachekwa.

#34 Dogo wa Kange
swali la kizushi, linatamkwaje? boss wetu mmoja alisema egizijensi mwingine eksijensi wakakazana mbele ya wageni

#35 Ticha Muheza
Yote mawili yamo kwenye kamusi, EKsijensi mkazo mwanzo au egZIjensi mkazo katikati. Na kuna exigence bila y, ile ile. Ila msichanganye na exiguous, hiyo ni kitu kidogo mno, kiduchu, kama posho ya kusahihisha mitihani.

#36 Goma Hadi Tanga
Kwa kifaransa exigu, nayo ni kidogo, chumba exigu. Na nadhani nayo imetoka hapo hapo kwenye kupima.

#37 Ticha Muheza
Imetoka hapo hapo ndio. Kilichopimwa kikaonekana kiduchu.

#38 Kaole Magofuni
Mmefika Ufaransa na Baharia wa watu hajapata likizo. Tangu 2021 lugha ya sheria na mahakama ni Kiswahili, mngedai tu barua ya Kiswahili mambo yakaisha.

#39 Koti Jeusi
Marekebisho ya 2021 yanahusu lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Barua za kampuni binafsi hayakuzigusa. Lakini kuomba ufafanuzi kwa Kiswahili hakuna anayekukataza. Baharia usibishane nao juu ya neno, utapoteza muda. Andika fupi: nimepokea barua yenu ya tarehe fulani, naomba nijulishwe tarehe mpya ya kuanza likizo, na mzunguko wangu wa likizo unaisha tarehe fulani. Basi. Hiyo tarehe ya mwisho ndo itakayowasomesha kifungu cha 31 wenyewe.

#40 Baharia Mkavu
Naandika leo leo. Kwa Kiswahili, na exigencies nitaandika "mahitaji ya kazi" ya mzee.

#41 Ustadh wa Makorora
Haja za kazi.

#42 Ticha Muheza
Ulazima.

#43 Mstaafu wa Masijala
Andika utakavyo lakini peleka nakala mbili, moja wapokee moja wakugongee muhuri na tarehe urudi nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa hukuipeleka.

#44 Dogo wa Kange
mzee siku hizi ni imeli

#45 Mstaafu wa Masijala
Ichapishe hiyo imeli.